Sketi ya Kijivu

4 Februari

Mwanangu,

Salamu kutoka chumba cha cherehani. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, mengine yote ni mazima. Wewe je? Kikohozi kimekuachia? Na huko juu ya majengo mnakovuta nyaya, bado unafunga ule mkanda wa usalama, au mpaka nimwandikie msimamizi wako?

Sasa nisikilize, na usinicheke. Mdogo wako amevunja ungo. Sentensi hiyo imenitoa jasho, basi iheshimu. Ilimkuta shuleni, ameitwa ubaoni, ameligeuzia darasa mgongo. Sketi yenyewe ni ile ya kijivu niliyoishona kwa mkono wangu, na doa kwenye kijivu halina pa kujificha. Darasa zima likacheka. Mwalimu akamfunga sweta kiunoni, akamwambia aende nyumbani. Tangu siku hiyo hataki kulisikia neno shule, na mtihani wa kumaliza ni mwaka huu huu.

Shangazi yako naye kaja na sheria zake. Mtoto asiguse vitambaa vya wateja, asikae dukani, asizungumze na mimi mambo hayo. Nikaenda duka la dawa, nikashikwa na haya, nikanunua pamba na bandeji. Muuzaji akauliza nani kaumia. Nikasema mimi. Mama yenu angekuwepo nisingebabaika hivi. Niambie la kufanya, mama, maana nimeshikwa pabaya.

Baba yako


11 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, mkanda nafunga. Mgongo upe pole zangu.

Nimecheka, unisamehe. Nimecheka mpaka mpishi ninayekaa naye chumba kimoja akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea ile ya bandeji, naye akakaa chini kabisa. Kisha nikakasirika. Baba, wewe unapima nyonga za wanawake kutwa nzima, unawaambia bila kupepesa macho kwamba wamenenepa, halafu mwanao wa kumzaa unamwonea haya? Hajaumia wala haumwi. Kaa naye umwambie ni hedhi, neno lenyewe haling'ati. Ajue dada yake anayo na mama yake alikuwa nayo, wala hakuna aliyeoza.

Shangazi naye mwambie, kwa heshima zote, vitambaa haviharibiki. Mama alizipiga pasi nguo za maharusi wa mtaa mzima, mwezini na si mwezini, na hakuna hata bwana harusi mmoja aliyerudi kudai chake.

Huku kwangu ni yale yale. Msimamizi wetu, kila nikimwonyesha kwamba nyaya zimepitishwa vibaya, ananiuliza kama niko kwenye siku zangu. Wanaume wagombane pale mpaka nyundo ziruke, hakuna anayewauliza siku. Juzi nikamjibu kwamba niko kwenye siku zangu na nyaya bado zimepitishwa vibaya. Akaenda kuzitazama. Zilikuwa vibaya.

Mnunulie pedi. Kama haya imekushinda, basi zishone. Wewe si fundi?

Mwanao


20 Februari

Mwanangu fundi umeme,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepoa. Msalimu huyo mpishi, umwambie aendelee kukaa chini, maana bado sijamaliza kujiaibisha.

Nimezishona. Za kwanza nilitumia bitana ya koti, laini, inang'aa, nikasema mtoto wangu avae kitu cha maana. Nikaiweka mapajani nikaimwagia chai kuijaribu. Chai yote ikateleza ikaniingia mimi. Nikabadilisha, nikachukua flana. Hiyo ikanywa vizuri, lakini ikalegea, na wewe unajua kitu kilicholegea hakitoki dukani kwangu. Nikaitia kanvasi ndani, ile ya kola za mashati, nikapiga pasi ya moto. Zilisimama zenyewe mezani, mwanangu! Mdogo wako akavaa, akatoka chumbani anatembea kama askari wa gwaride, shingo juu, magoti hayakunji. Akasema, "Baba, umenivisha kola." Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu aibu ile ya shuleni sikuwa nimemsikia akicheka. Kanvasi nimeitoa. Sasa anakaa nami dukani, anakata flana mwenyewe, na mkasi unamtii kuliko unavyonitii mimi. Shangazi yako kanuna, akipita mlangoni anageuza uso.

Na tumezungumza. Nilikuwa naitazama cherehani muda wote, lakini nimezungumza.

Shule ndiyo bado. Anasema pedi anazo, sketi safi anayo, ila akiingia tu mlangoni watamtazama nyuma. Nikaona nimshonee nyeusi. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, maana sare za shule nzima nashona mimi na tunaheshimiana. Akakataa katakata. Akasema kijivu ndiyo heshima ya shule, na msichana aliyelelewa vizuri hujua kujitunza. Nimeshakata kitambaa cheusi. Namshonea, tuone atanifanya nini.

Baba yako


27 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakuta mgongo umetulia na shangazi ameacha kununa. Mimi mzima, nakula, nalala.

Baba, nakuomba, usiishone hiyo sketi. Najua unampenda, ndiyo maana umekata kitambaa kabla ya kufikiri. Nyeusi itaficha doa, lakini waliocheka watabaki vile vile, na yeye atajifunza kujificha. Mimi najua kujificha kulivyo. Unakumbuka mlivyoitwa shuleni mkaambiwa mimi ni mvivu, sitaki kwenda ubaoni? Haukuwa uvivu. Nilikuwa naomba dawati la nyuma ili mtu asiwe nyuma yangu. Majibu nilikuwa nayo, na nilikaa nayo kimya miaka yote ile. Sitaki na yeye akae kule.

Wale watoto hawana ubaya, hawajaambiwa kitu. Wasichana waliitwa pembeni wakanong'onezwa, wavulana wakatolewa nje wakacheze mpira. Halafu mkubwa mzima anasema msichana ajue kujitunza, kana kwamba damu inapiga hodi.

Habari njema. Tuliomba choo cha wanawake chenye komeo, mimi, mpishi na dada wawili wa kupaka rangi. Msimamizi akasema sisi wanawake tuna gharama. Mpishi akamwambia sawa, na chakula cha mchana nacho ni gharama, akazima jiko. Komeo limewekwa siku ile ile kabla watu hawajaona njaa vizuri.

Mwanao


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima sijapata neno kutoka kwako. Nimekuudhi? Kama umeishona ile nyeusi, iwe, sitagomba tena. Niambie tu mtoto yuko wapi, yuko darasani au yuko dukani anakata flana. Mpishi ananiuliza kila jioni na mimi sina la kumjibu.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Hujaniudhi. Ulinigusa, na mtu aliyeguswa hukaa kimya kidogo. Kitambaa cheusi nimekikata suruali ya mteja. Sisi wazima, hata mgongo leo umenipa likizo.

Unajua kila mwaka wakati huu napita darasa kwa darasa na futi yangu kuwapima sare mpya. Safari hii nikamwambia mwalimu mkuu nitapima, lakini darasa la mwisho anipe kipindi kimoja cha kazi za mikono, wavulana na wasichana pamoja. Akauliza nitawafundisha nini. Nikamwambia kushona pedi. Alikunja uso, akapangusa miwani, akapangusa tena. Yule mwalimu aliyemfunga mdogo wako sweta akasema yeye atasimamia, na kwamba siku ile alitakiwa kusema kitu akashindwa. Basi mkuu akaniachia, nadhani aliogopa wanafunzi watakaa bila sare.

Mdogo wako alikubali kunibebea boksi la flana hadi mlangoni tu. Amevaa gauni la nyumbani. Akakaa nje, ubavuni mwa mlango.

Nikaingia. Wavulana wakaguna kwamba kushona ni kazi ya wanawake. Nikawauliza suruali walizovaa kawashonea nani. Tukaanza. Kushona kulikwenda vizuri, wavulana wengine wana mkono mwepesi kweli. Lakini msichana mmoja akaniuliza inavaliwaje, na hapo, mwanangu, nikapotea. Nikainua ile pedi juu, nikaanza kueleza, mbele nikaita nyuma, vishikizo nikavielekeza juu. Wakaanza kucheka. Naapa sikufanya makusudi, ingawa najua huko mtasema nilifanya.

Mdogo wako akaingia. Hakuangalia mtu. Alikuwa amekasirika kama mama yenu nilipokuwa naunguza wali. Akaichukua pedi mkononi mwangu, akasema, "Siyo hivyo, Baba." Akasimama mbele ya ubao, akaeleza mwanzo hadi mwisho, inavaliwaje, inafuliwaje, inaanikwa juani wala siyo uvunguni. Mvulana mmoja akauliza kama inauma. Akamjibu tumbo huuma, na kuchekwa huuma zaidi. Hakuna aliyecheka, mwanangu. Mwalimu aliinama akajifanya anakagua mishono.

Kengele ikalia. Nikakusanya mikasi yangu, nikamwita mtoto twende. Alikuwa ameshakaa kwenye dawati, kwa gauni lake la maua, anaazima kalamu kwa jirani yake.

"Wewe tangulia, Baba," akasema. "Kipindi kingine kinaanza."

Nikabeba boksi langu mwenyewe, nikarudi dukani peke yangu.

Baba yako