Bosi Wangu Amepata Thelathini na Mbili, na Mwalimu Wake Ni Mimi

(Barua hii ilinifikia mwezi wa nane. Jambo lenyewe halikuweza kusubiri gazeti litoke, kwa hiyo nilimjibu mwandishi siku ileile. Sasa ameturuhusu tuchape yote, pamoja na aliyoniandikia baadaye.)

Shangazi Maanan mpendwa,

Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu hata mimi nikijisimulia mwenyewe naishia kucheka, halafu nakumbuka siku zilizobaki na kicheko kinakauka.

Mimi ni mhasibu, nina miaka thelathini na mmoja, naishi hapa Takoradi na dada yangu na mama yangu, mpika kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, na nafanya kazi katika kiwanda ambacho sitakitaja, chini ya mkuu wa uhasibu ambaye nitamwita Bwana Essuman, maana majina yote nimeyabadilisha, hata langu. Cheti changu nilikipata mwaka juzi, na somo moja, lile la hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu zake, nilifeli mara tatu nikafaulu ya nne, kwa hiyo nalijua somo hilo kwa mashimo yake yote. Ndiyo maana wenzangu waliokuwa bado wanasoma walikuwa wananiuliza, nami nawajibu kwa ujumbe wa sauti huku napika, na ujumbe mmoja ukazunguka kwenye simu za watu mpaka ukafika shule moja ya Accra inayofundisha wahasibu wanafunzi mtandaoni, wakanipigia kuniuliza kama ningeweza kufundisha kila Jumamosi, saa nne asubuhi mpaka saa saba, kama kazi ya ziada. Nikajibu kwa sauti ya kiofisi kwamba nitafikiria. Shangazi, sikufikiria hata dakika moja! Nilikata simu nikapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

Siku ya kwanza nilipiga pasi blauzi, chini nikabaki na kitenge cha nyumbani kwa kuwa hakionekani, nikafungua kompyuta, nikaona nyuso kumi na tisa zimepangwa kwenye vidirisha, mmoja yuko Tamale, mwingine mji wa Ho, mwingine ndani ya gari bovu la mjomba wake lililoegeshwa uani ili apate utulivu. Nikaanza kusoma maelezo ya shule kama yalivyo, nikaona macho yanalegea. Nikayaacha.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Mama yangu anapika kenkey. Dada yangu anazinunua kwake, anakwenda kuziuza sokoni Market Circle. Mama hampi bure, anamuuzia kwa faida. Sasa jioni kenkey kumi zimebaki kwenye beseni la dada. Sisi kama nyumba moja, tumepata faida kwenye hizo kumi?"

Adiza, yule wa Tamale, akafungua kipaza sauti. "Hapana, Mwalimu. Zimehama tu, zimetoka kwenye sufuria zimeingia kwenye beseni."

"Basi hiyo faida iondoe!"

"Aaaa!" wakaitikia wote, na mmoja akasema, "Kumbe ni hilo tu? Miaka miwili nimeteseka kwa hilo?"

Mama naye akaniita kutoka uani: "Aba! Hao watu wanalipa ili wasikie habari za kenkey zangu?"

"Ndiyo, Mama!"

"Basi watajie na bei!"

Darasa likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo, Shangazi, wiki kwangu inaanza Jumamosi. Nimegundua kitu ninachokiweza, na kuna watu wanaonisubiri nikifanye, na raha hiyo sijui hata nikuelezeje.

Sasa kazini. Ruhusa niliomba kwa ofisa utumishi, nikapewa kwa maandishi, lakini Bwana Essuman alipopata habari alisimama katikati ya ofisi akasema, "Siku hizi kila mwenye bando ni profesa." Kuanzia hapo jina langu likawa Profesa wa Bando. "Profesa wa Bando, faili la Juni liko wapi?" "Muulizeni Profesa wa Bando, yeye anajua kila kitu." Wenzangu wanacheka, mimi nacheka nao, moyoni nakwaruzika.

Wiki ya tano akaletwa darasani kwangu mwanafunzi aliyehamishwa kutoka kundi lingine. Jina limeandikwa herufi mbili tu, K.E., kamera imezimwa, hasemi, anaandika pembeni. Swali lake la kwanza likaja: "Fafanua kwa ukamilifu, siyo kwa ufupi." Nikalisoma mara mbili, maana hayo ndiyo maneno ambayo Bwana Essuman huyaandika kwa wino mwekundu kwenye kila ripoti yangu. Nikajiambia watu wanaosema hivyo ni wengi. Wiki iliyofuata akasahau kuzima kipaza sauti, tukasikia mama mmoja akisema, "Kobina, uji unapoa, na hiyo miwani unayoitafuta umeikalia."

"Efua, nyamaza, niko darasani!"

Wote walicheka isipokuwa mimi. Ilikuwa sauti ya Bwana Essuman.

Baadaye nikaelewa. Wamiliki wapya wa kiwanda wametoa waraka kwamba kila mkuu wa idara awe na cheti kamili kabla ya mwaka kwisha. Bwana Essuman alianza kama karani wa stoo, akapanda ngazi moja moja, na fomu yake ya shule inaonyesha masomo yote ya cheti ameshafaulu isipokuwa hili moja, aliloliacha zamani watoto walipozaliwa. Ofisini hakuna anayejua. Yeye anajua mwalimu ni mimi, uso wangu anauona kila Jumamosi. Asichojua ni kwamba nami najua K.E. ni nani. Ile Profesa wa Bando ikakoma ghafla, mpaka Fiifi wa malipo akauliza, "Jamani, bosi ameokoka au anaumwa?" Jumanne moja akapita mezani kwangu, akaweka pai ya nyama kwenye karatasi, akasema, "Kula," akaenda zake. Sikujua ile ni shukrani au ni nini, nikaila.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita nilitoa mtihani wa majaribio. Shule haimsajili mtu kwa mtihani wa mwezi wa kumi na moja kama hajafika hamsini, na alama zinatakiwa Ijumaa hii. Bwana Essuman amepata thelathini na mbili. Na wiki hiihii ndiyo anayotakiwa kuandika maoni yake juu yangu, kwa sababu nimeomba nafasi ya msaidizi wake. Na juzi ukaja ujumbe wa faragha kutoka kwa K.E.: "Mwalimu, darasani kuna mtu mzima ambaye kazi yake inategemea mtihani huu. Naomba umfikirie."

Shangazi, nimefuta ile tatu nikaandika tano. Hamsini na mbili. Iko kwenye kompyuta sasa hivi ninapokuandikia, bado kubonyeza tu. Mama anasema, "Mpe mzee wa watu, kwani zinatoka mfukoni mwako?" Dada anasema, "Aliyekuita Profesa wa Bando? Mpe kumi na mbili!" Na mimi nikitaka kubonyeza namkumbuka Adiza, anayesoma na mtoto mgongoni, ambaye amepata arobaini na tisa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Jumamosi, Takoradi

SHANGAZI MAANAN ANAJIBU

Mwanangu, kabla hujasoma mstari wa pili, nenda kwenye hiyo kompyuta ufute hiyo tano, urudishe tatu. Nakusubiri.

Umerudi? Haya. Sikukucheka mpaka mwisho kama ulivyoomba, ingawa kwenye ile miwani nilishindwa. Lakini ulipofika kwa Adiza nilikasirika. Mama mwenye mtoto mgongoni abaki nje kwa alama moja aliyoikosa kihalali, halafu mkubwa wako aingie kwa alama ishirini ulizomchorea? Jibu ulikuwa nalo tangu hapo, ulitaka tu mtu mwingine alitamke. Nimelitamka.

Na usijidanganye kwamba ungemsaidia. Angeingia kwenye mtihani wenyewe na elimu ya thelathini na mbili, angefeli mbele ya wamiliki wake, na wewe ungekaa mezani kwako ukijua ni nani aliyempeleka huko.

Kosa lako kubwa, hata hivyo, ni la wiki ya sita. Siku ulipoisikia sauti yake ulipaswa kuiambia shule: mwanafunzi huyu ni bosi wangu, na ana neno juu ya kazi yangu. Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa na raha na hukutaka kuivuruga. Nakuelewa, ila umechelewa, basi usichelewe zaidi. Wapigie leo. Omba karatasi yake isahihishwe na mwalimu mwingine, na uwaulize waliokosa kwa alama moja mbili wanafanyiwa nini. Shule nyingi huwa na utaratibu, na Adiza asikose kwa kuwa mwalimu wake aliona haya kuuliza. Kisha mwendee ofisa utumishi aliyekupa ruhusa, umwombe maoni juu ya nafasi unayoitaka yaandikwe na mtu mwingine pia. Sema sababu ni kwamba mnafahamiana nje ya kazi. Siri ya bosi wako iache kwake.

Halafu kaa naye. Usiende Jumamosi mbele ya watu, wala usimfuate mezani kwake ambako yeye ni mkubwa na wewe ni mdogo. Mtafute baada ya kazi, mahali pa kawaida. Usimwambie umemgundua, yeye si mwizi. Mwambie umefurahi kuwa naye darasani. Mtajie alama yake kwa mdomo wako, mwonyeshe ni maswali yapi yalimwangusha, na umwambie mara moja tu kwamba ule ujumbe hakupaswa kuutuma. Mara moja, bila kurudia, kisha mnywe soda. Mtu aliyetoka stoo mpaka ukuu wa uhasibu si mjinga; kazi anaijua, asichojua ni kuiandika kwa namna mtihani unavyotaka, na wewe uliyefeli mara tatu unajua kulifundisha hilo kuliko yeyote aliyefaulu mara ya kwanza. Mshauri aende mwenyewe kwa wamiliki, awaambie yuko shuleni, aombe muda. Mkubwa anayesoma ana sura nzuri kuliko mkubwa anayejificha.

Na hiyo kazi ya Jumamosi usiiache, hata akinuna, hata wakikuita profesa wa nini sijui. Watu wengi hufika uzeeni hawajakiona kitu kimoja wanachokiweza kwa raha namna hiyo.

Shangazi Maanan

ALIYOANDIKA BAADAYE

Shangazi, nilipiga simu shule siku ileile. Walinigombeza kidogo, wakampa mwalimu mwingine karatasi ile ya bosi, akaipa thelathini na nne. Nilipouliza habari za waliokosa kwa kidogo, wakasema wenye arobaini na tano kwenda juu wanaruhusiwa kurudia. Adiza alirudia, akapata sitini na moja, akanitumia ujumbe wa sauti wa vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Bwana Essuman nilimkuta kwenye kibanda cha vinywaji ng'ambo ya lango la kiwanda. Nikaketi, nikamwambia nimefurahi yumo darasani kwangu.

"Nilijua unajua," akasema. "Tangu ile siku ya miwani."

"Sasa mbona hukusema, bosi?"

"Mbona wewe hukusema?"

Nikamwambia yote, alama, ujumbe, hata ile tano niliyoiandika nikaifuta. Akavua kofia. "Ule ujumbe niliuandika nikiwa na hofu, na baada ya kuutuma sikuweza kula. Nisamehe, mwanangu. Na yale mambo ya bando pia." Kesho yake akaenda kwa wamiliki mwenyewe, wakampa mpaka katikati ya mwaka ujao. Maoni juu yangu yameandikwa na watu wawili, na usaili ni wiki ijayo, tuone.

Jumamosi iliyopita kamera ya K.E. ikawaka. Yuko na fulana ya ndani, nyuma yake mkewe anatupungia mkono. Akajitambulisha kwa jina lake kamili, akasema, "Mimi ni mkubwa wa mwalimu wenu, Jumatatu mpaka Ijumaa." Kisha akaanza kuuliza, akauliza, akatueleza mambo ya stoo ambayo hata mimi sikuyajua, mpaka Adiza akashindwa kuvumilia.

"Mzee, shikamoo, lakini tuachie na sisi dakika mbili!"

Shangazi, alicheka. Alicheka kichwa kikienda nyuma, meno yote nje. Miaka sita nimefanya kazi chini ya yule mzee, na sikuwahi kujua kwamba ana mwanya.