Dungu Nililokupandisha

Baba Mwajuma, mume wangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Mama yako anakusalimu, magoti bado ni yale yale, kila alfajiri anakuita kama uko uani. Wifi Tausi anakusalimu. Mwanetu Mwajuma anakusalimu sana, na mwanawe, siku hizi anakimbia. Hata yule jogoo wako mkorofi hajambo. Wote wazima. Miye ndiye si mzima.

Hapa Chumbi duka la ushirika limefungwa. Sukari haina foleni, kila kibanda kina mitumba na sabuni za rangi. Vitu vimejaa, wewe hupo.

Kuna neno linanila. Mwajuma alikwenda Dar akamweleza daktari habari zako: mkono uliotetemeka mpaka chai inamwagika, miguu ya kuburuta, na zile kelele zako usingizini, "Nguruwe! Nguruwe hao!", na mateke, mpaka ukaning'oa jino. Wifi alisema pepo, tukachinja kuku. Daktari kasema si pepo. Kutetemeka na kelele ni ugonjwa mmoja. Mtu akiota, ubongo huufunga mwili utulie. Wako ulikuwa umeharibiwa na ugonjwa, haukufunga, basi ulichoota ndicho mikono na miguu ilichofanya. Mwajuma akauliza dawa. Akaambiwa ugonjwa wenyewe hauponi, ila mngemlaza kwenye godoro chini tu, asianguke.

Godoro chini, Baba Mwajuma! Nami nilikupandisha juu.

Unakumbuka nilivyokutania? "Kama ni kufukuza nguruwe, kawafukuze waliko, kalale dunguni ulinde mpunga." Ukacheka, "Mama Mwajuma, leo watanikoma hata nikilala." Ukapanda ngazi ile ndefu polepole, nimekushika kiuno. Nikakufunika kanga yangu, nikarudi nyumbani, nikalala usingizi mzuri. Usingizi mzuri, mume wangu.

Asubuhi nikakukuta chini, fimbo mkononi. Mpunga umesimama wote, hakuna hata unyayo wa nguruwe.

Watu wanasema siku yako ilifika. Nawaitikia. Mama yako sijamwambia habari ya godoro. Bado ananiita mwanangu, nitaanzaje?

Dungu nimelikata kwa panga. Godoro letu nimelitandika chini, wewe upande wako wa ukutani, miye pembeni. Mwajuma ananigombeza, "Mama, utaugua baridi." Niugue. Nakuahidi, kitandani sipandi tena mpaka nikufuate.

Kwaheri, mume wangu. Mola akulaze pahala laini, usipoweza kuanguka. Barua hii naiandika kwa kisomo kile ulichonisukuma niende, herufi zimepinda, nivumilie. Kama umenisamehe nijulishe upesi, usikawie, nami nazeeka. Njoo hata ndotoni, hata kwa teke lile lile.

Mpaka leo naamka mwili mzima, hakuna aliyenigusa.

Miye mkeo,
Mama Mwajuma