Dereva wa Riviera

Jumapili, 4 Agosti 2019

Daktari amesema hapana. Nyonga mpya ya Chet haijakaa sawa, asiguse usukani mpaka Septemba. Chet akauliza kama gari la otomatiki nalo linahesabika. Linahesabika. Kurudi niliendesha mimi, kigari changu ambacho mume wangu huyu hukiita jokofu.

Msafara wa magari ya zamani kwenye barabara ya Woodward ni tarehe kumi na saba. Hatujaukosa hata mara moja tangu uanze. Na mimi? Tangu tununue gari letu la zamani, Riviera, mwaka 1981, nimekaa kiti cha abiria. Hajawahi kunipa ufunguo hata wa kulisogeza kivulini. Na ni mimi niliyeliona kwanza, limetelekezwa kwenye majani nyuma ya kanisa!

Nataka kuliendesha. Basi, nimeandika.

Jumatano, 7 Agosti

Chet anatafuta dereva. Simu asubuhi, simu mchana. Mpwa wake ana gari lake la kutoka nalo, Mustang. Mchungaji naye ana Barracuda. Jirani yetu Dwight kacheka: "Mzee wangu, siku hiyo? Siku hiyo natoka na Chevelle yangu, hata mama mzazi simpi lifti." Ndivyo tulivyo hapa. Jumamosi ile kumwomba mwanamume akuendeshee ni kama kumwazima bwana harusi siku ya harusi yake.

Wakati wa chakula nikasema: mimi je? Chet akasema viazi vimezidi chumvi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemkuta gereji, kakaa juu ya ndoo, analitazama Riviera. Nikavuta ndoo nyingine. Nikakaa, nikalitazama nami.

La mwaka 1965, kijani kilichokolea. Mbele halina taa — ndivyo mgeni anavyodhani. Zimefichwa kwenye ncha za madigadi, nyuma ya vyuma vyembamba vinavyofunguka juu na chini, taratibu, kama kope za mtu anayeamka. Milango haina fremu za vioo. Halafu ule mstari unaotoka kwenye taa, unapita mlangoni, unapanda nyuma na kujaa kama kiuno cha mwanamke aliyekula akashiba. Aliyechora mstari ule alikuwa anapenda watu.

"Nyonga zake hazijawahi kupasuliwa," nikasema.

Akacheka bila kupenda. Kisha akaniambia nisiguse rangi kwa vidole.

Jumanne, 13 Agosti

Dwight kaja kuazima spana. Kamwambia Chet mbele yangu kwamba dereva anaye ndani ya nyumba. "Huyo?" akasema Chet. "Huyo huendesha jokofu."

Nimekula pai yote ya cheri peke yangu.

Alhamisi, 15 Agosti

Kanipa! Kauweka ufunguo mezani karibu na kikombe changu, akatazama dirishani. "Zunguka mtaa mara moja. Usikanyage."

Nimewasha. Silinda nane. Si kelele — ni ngurumo ya chini, inaingia kwa kiti na kupanda mgongoni. Wenyewe huiita injini hii kichwa cha msumari, kwa sababu valvu zake ni nyembamba kama misumari, na wapenda mbio huisema kwamba haipumui ukiizungusha sana. Izungushwe ya nini? Juu ya kisafisha hewa imeandikwa 465, na huo si ukubwa wake, ni nguvu yake ya kuvuta. Gari zima ni karibu tani mbili. Nikagusa mafuta kwa ncha ya kiatu, na nyumba za majirani zikaanza kurudi nyuma.

Chet alishika kitasa cha mlango kwa mikono miwili. "Nilisema usikanyage, bibi wewe."

Sikukanyaga. Niligusa. Tukazunguka mara tatu, na ya tatu aliomba yeye.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika ndani ya gari, tumeegesha mbele ya duka la soseji. Nimeendesha Woodward! Watu wamejipanga na viti vyao kando ya barabara, wanatupungia. Penye taa nyekundu akasimama kijana na Camaro ya njano, akaingurumisha. Chet akasema nisimtazame. Halafu, polepole, bila kunigeukia: "Ikiwaka kijani, kanyaga robo tatu. Usifike chini."

Robo tatu ilitosha. Camaro ilibaki kwenye kioo, na Chet alicheka mpaka akashika nyonga. Nilimpenda sana dakika ile.

Sasa kateremka na fimbo yake, wanaume wamemzunguka. Boneti iko juu. Wanaisifu injini, wanausifu mstari, wanamsifu yeye. Mgema akisifiwa! Mmoja mwenye kofia kamwuliza nani alimwacha yule wa Camaro pale penye taa.

"Mimi," kasema Chet.

Imeniuma. Nimekaa nyuma ya usukani, kioo kiko chini, nasikia kila neno. Wamenitazama mimi, wakatazama fimbo yake. Mwenye kofia kakohoa. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Chet alipogeuka akaniona.

Kafunga boneti. Anakuja. Si kwenye mlango wa abiria — anakuja upande wangu, mkono kaunyoosha apewe ufunguo, na wote wanatazama. Uko kwenye swichi. Injini nimeshaiwasha, na kiti cha abiria kiko wazi.