Picha za Blessing

Kindness uko wapi, nijibu basi. Nimejifungia chooni hapa kazini, nalia vibaya.

Asubuhi nilifuta ripoti ya wakulima wa Sigino kwa bahati mbaya. Bosi akamwita Rogath, fundi wa kompyuta, aje airudishe. Ofisi nzima ikasimama nyuma ya kiti changu.

Sikujua programu yake inarudisha VYOTE. Kila nilichowahi kufuta kwenye ile mashine kikaanza kutokea kwenye skrini.

Picha za Blessing wangu.

Zote, Kindness. Ile ya kofia ya njano uliyomfumia. Ile niliyompiga wodini akiwa bado anapumua, kabla hatujampeleka Nakwa kumzika. Nilizifuta mwenyewe mwaka jana, maana kila mchana nilikuwa nazifungua badala ya kwenda kula. Nilidhani hazipo tena duniani.

Na hapa hakuna anayejua kwamba niliwahi kuzaa.

Damiani akaropoka, "Kumbe una mtoto! Mbona humleti tumwone?"

Rogath wala hakugeuka. Kasoma tu jina la folda, "Blessing", akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama Blessing, hizi za mtoto nizirudishe au nizifute moja kwa moja?"

Mama Blessing.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Hata wewe. Hata baba yake.

Na mimi nikaitika, Kindness. Nikasema, "Abee." Halafu nikakimbilia huku.

Bado ananisubiri nimjibu. Mimi nataka tu aniite tena.