Mume wangu anapaka chokaa katikati ya vita

Mpendwa Mshauri, naomba msaada kabla sijawa mjane, maana mume wangu Sadala anatengeneza nyumba wakati wenzake wanakimbia vita. Ni ghorofa kongwe hapa Utete, ya tajiri Abdulkarimu, ambaye vita ilipoanza Sadala alimvusha kwa mtumbwi hadi Mafia, naye akamwandikia hati kwamba nyumba sasa ni ya Sadala, basi tangu siku ile mume wangu hajui kingine ila chokaa na boriti, na mimi na watoto wanne tunalala jikoni uani ili vyumba visichafuke. Wapiganaji wa Majimaji walikuja kuichoma, wakisema ni nyumba ya rafiki wa Wadachi, Sadala akawatokea na ndoo, "Jamani, chokaa bado mbichi, subirini ikauke," na wallahi wakasubiri, mkubwa wao Maneno akamshikia na ngazi. Wiki ya pili wakaja askari wa Mdachi wanataka kuifanya boma, akawaambia waoshe miguu kwanza, wakamchapa viboko kumi, akarudi juu kupaka madirisha. Sasa pande zote mbili zitarudi mwezi ukiandama. Nikimwambia twende kwa kaka yangu kule Maparoni ananijibu, "Mwantum, bado sakafu ya juu." Na dhambi yangu ni hii: mimi ndiye niliyempelekea Maneno habari kwamba chokaa imekauka. Nilidhani nyumba ikiungua tutahama. Jana Sadala kaapa kwamba wakiichoma atakaa mle mle ndani. Nifanyeje?

Mwantum, Utete

*

Mwantum, pole, lakini umenichefua. Mume ana wazimu wa nyumba, nawe ukaenda kumwita mchomaji! Jibu hili nimempa mchukuzi yule yule aliyeleta barua yako. Gazeti litachapa baadaye, mwezi hautungoji.

Mwambie Sadala leo ulichofanya. Atafoka, mwache afoke, wewe funga mizigo. Usiitukane nyumba, hatakusikia. Ghorofa kongwe haikosi mlango mkubwa wa nakshi: ung'oeni, muupakie mtumbwini. Mtu wa namna hii hatauacha uende peke yake. Akikataa hata hivyo, ondoka na watoto, na Maneno uliyemwita wewe, mwombe wewe amtoe ndani kabla ya kuwasha moto.

Nyongeza: mchukuzi amerudi. Nyumba imeungua. Wote sita wako Maparoni, wazima. Sadala bado hasemi na mkewe, ila ameupachika ule mlango kwenye banda la kuku la shemeji yake, na kuku hawaruhusiwi kuingia.