Koku, Baiskeli Ijaribu Mtelemkoni

Mjukuu wangu Koku,

Karagwe nzima hajazaliwa wa kunishinda kwa baiskeli. Hata mbuzi wa kule Kanoni walinipisha njia kwa adabu. Bibi yako anakusalimu, yuko nje anaanika kahawa.

Unauliza ununue baiskeli gani ya milimani, isiyo ghali, ya kwendea kazini na kupita vijia vya shambani. Hebu niambie, hizo gia zote utazitumia lini? Usinunue rangi. Omba uijaribu mtelemkoni, usikie breki.

Yangu ya kwanza niliijaribu kwa kupanda mlima tu, nikajisifu. Wakati wa kushuka nilimpakia bibi yako, enzi hizo mchumba, breki zikakataa.

“Ruka!” nikapiga kelele.

Niliruka mimi. Yeye alibaki kwenye keria mpaka migombani. Hakuumia, ila hadi leo kanisani anakwenda kwa miguu.

Babu yako