Usukani Unaozunguka Bure

Munyaka, Eldoret
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini goti lako limetulia na Mama hapandi tena ule mlima na mzigo wa kuni kama nilivyomsihi. Mimi ni mzima wa mwili. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimepona kabisa. Lakini kichwani, Baba, sijui niseme nini. Kuna jambo limetokea kazini juma hili, nimeligeuza huku na huku na bado sielewi kama nimeipoteza kazi au nimeipata. Nalileta kwako kwa sababu linahusu usukani, na wewe umelala chini ya matrekta ya mkonge maisha yako yote.

Jumatatu Meneja wetu wa ushirika aliniita ofisini kwake. Unajua bado niko kwenye muda wa majaribio na barua ya kuthibitishwa haijatoka. Nikasimama mbele ya meza, chini ya picha ya Rais, nikaona juu ya meza hiyo lori dogo jekundu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kando yake palikuwa na kisanduku chenye antena ya kuvuta. Ukiwasha kisanduku na kusukuma kijiti, lori linakwenda lenyewe bila waya wowote. Linasikia amri kwa redio. Alirudi nalo kutoka semina ya ng'ambo.

Kesho tuna harambee ya shule ya chekechea ya ushirika, na mgeni wa heshima ni mkubwa wa chama tawala. Mpango wa Meneja ulikuwa lori hili libebe bahasha ya kwanza, livuke uwanja mbele ya watu wote, lisimame mezani kwa mgeni.

"Usukani umelegea kidogo," akaniambia. "Wewe si ulifanya fizikia?"

"Ndiyo, Mzee." Hapa sote tunamwita Mzee, ingawa nywele zake ni nyeusi kuliko zako.

"Basi hiyo ni kitu kidogo kwako. Wengine wameangalia, wakasema iko sawa. Mimi naona kama haiko sawa sana."

Sikuuliza wengine ni akina nani. Sikuuliza pia itakuwaje nikishindwa. Nilisema ndiyo, Mzee, nikatoka nalo limefungwa kwa gazeti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulileta nyumbani. Mama Wambui, mwenye nyumba wangu, ambaye ana duka hapa mbele na alihamia huku kutoka Murang'a zamani, aliona antena imetokeza kwenye gazeti.

"Mwakio, hiyo chuma ni ya nini?"

"Ni gari la kuchezea, Mama. La Meneja."

"Na hiyo redio, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu. Inaongea na gari."

Akaniangalia vile Mama huangalia maziwa yanayotaka kuchemka. "Mtu akija kuniuliza, nitamwambia nini? Ati mpangaji wangu anaongea na gari?"

Nikaona afadhali nimwonyeshe. Nikaliweka uani, nikasukuma kijiti. Lori lilikwenda hatua chache vizuri, kisha magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka, moja likatazama huku na jingine kule, likageukia upande wa kushoto na kujichomeka kwenye rundo lake la makaa. Mama Wambui alicheka mpaka akakalia mtungi. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Limenichekesha, lakini zima. Hapa hatutaki maneno. Juzi vijana wa chama walipita wakiuliza nani hana kadi, na wewe ni mgeni hapa. Hiyo kitu ifanyie kazi huko ofisini, mahali wanaijua."

Baba, unajua mimi si shujaa. Usiku huo kila mlango uliogongwa kwa majirani niliudhani wangu. Asubuhi nililirudisha kazini kabla jua halijapanda, na kuanzia hapo nikawa nalifungua saa ya chakula kwenye ghala, nyuma ya magunia ya mahindi.

Nikafanya kama nilivyokuona ukifanya nikiwa mdogo. Nilishika gurudumu la mbele kwa vidole viwili nikalitikisa taratibu, nikitafuta mahali mwendo unapopotelea. Gurudumu lilicheza. Nikashika kile kifimbo chembamba kinachounganisha magurudumu mawili. Nacho kilicheza, lakini kidogo tu. Nikakaza skrubu zake. Likawa baya zaidi. Nikazilegeza, likawa vilevile baya. Nikadhani kasoro iko kwenye kisanduku, maana kina kitufe cha kunyoosha mwendo, nikakizungusha mpaka mwisho. Sasa likageukia kulia. Kwa muda nilifurahi, kisha nikajiuliza nafurahia nini.

Siku ya pili nilifungua kifuniko cha chini. Humo ndani kuna mota ndogo kama kiberiti, yenye mkono unaosukuma kile kifimbo. Pale mkono unapokaa juu ya mota panatakiwa skrubu moja ndogo, na haikuwepo. Badala yake kulikuwa na vitu ambavyo kiwanda chochote duniani hakiwezi kuviweka. Juu kabisa palikuwa na kipande cha utepe wa waridi, ule tunaofungia faili. Chini ya utepe kulikuwa na kifuniko cha soda kilichopondwa kikatobolewa katikati, na grisi nyeusi nyingi. Na chini ya grisi, zimesindiliwa kwenye tundu lenyewe, njiti za kiberiti ambazo ncha zake zimetafunwa.

Nilivitoa vyote nikavipanga juu ya gunia. Lori halikuweza tena kugeuka hata kidogo. Mota ilikuwa inazunguka na mkono umetulia, kama mtu anayemwita kiziwi. Nikavirudisha, likaanza kutetemeka kama kwanza. Nikaelewa kwamba lori hili halikuwa limetengenezwa na yeyote. Kila mtu alikuwa amelifunika tu.

Utepe ulikuwa wa Jerotich, mpiga taipu wetu, na alikubali hata kabla sijamaliza kuuliza. "Ningefanya nini? Aliniletea nikiwa napiga barua zake. Nilifunga, nikamwambia iko sawa." Kifuniko cha soda na grisi ni kazi ya Hassan, dereva wa lori letu la mahindi, mtu mrefu mpole kutoka Garissa ambaye hupenda kunitania kwamba Wataita tuna miguu mifupi kwa sababu ya milima.

"Hassan, mbona ulimwambia liko sawa?"

"Wewe ulitaka nimwambie nini, karani? Hata lile langu kubwa nilimwambia liko sawa."

Nilidhani ni utani wake. Akanichukua mpaka uani, akanipandisha kwenye lori lenyewe, akaniambia nishike usukani. Niliuzungusha kama mtu anayefungua mfereji. Magurudumu hayakusikia chochote. Nikazungusha zaidi, na ndipo yakasogea kwa kishindo.

"Umeona? Sehemu yote hiyo inazunguka bure. Kwenye barabara iliyonyooka unazoea. Pale mlimani Timboroa kukiwa na ukungu, na magunia nyuma, mimi humwomba Mungu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili."

"Na Mzee hajui?"

"Alikuwa na wageni. Akaniuliza mbele yao, lori liko sawa? Wewe ungesema nini mbele ya wageni?"

Baba, hapo nilichanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimepewa kitu cha kuchezea, na sasa nilikuwa najua jambo ambalo mtu angeweza kufa kwa sababu yake. Jumatatu ijayo Hassan anapakia mahindi ya kupeleka Nakuru. Nikisema, nitakuwa karani wa majaribio anayewachongea wenzake waliomtangulia kazini. Nikinyamaza, basi na mimi nimeongeza utepe wangu. Nilijaribu kutafuta skrubu inayotosha lile tundu, nikauliza mpaka kwa mtengeneza saa, hakuna. Ilipofika jana sikuwa nimetengeneza kitu.

Jana mchana Meneja alitaka mazoezi. Sote tulisimama uani kwa mstari, yeye kwenye kiti akijifanya mgeni wa heshima, bahasha tupu juu ya lori dogo. Alikuwa na njiti ya kiberiti mdomoni, anaitafuna kama kawaida yake. Ndipo nikazitambua zile njiti za chini kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alijua tangu mwanzo kwamba kitu chake kimelegea, akasindilia, kisha akatupitishia mmoja mmoja, na kila mmoja akamrudishia akisema iko sawa. Mpaka sasa sijui alitaka nini kutoka kwetu.

Nikasukuma kijiti. Lori likaenda, likatetemeka, likageuka, likaishia kwenye kiatu cha Hassan. Bahasha ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaachia katikati.

"Karani," Meneja akaniambia. "Iko sawa?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, Baba. Naapa lilikuwa tayari. Nilimtazama Hassan akiwa na lile lori kwenye kiatu, nikakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba gurudumu halina adabu, halimwambii mtu anachotaka kusikia.

"Hapana, Mzee. Limelegea. Skrubu moja haipo, na tulichoweka humo ndani hakiwezi kushika."

Jerotich alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tuliweka," Meneja akarudia polepole.

"Ndiyo, Mzee."

Nilidhani yameisha. Lakini Hassan akaokota lori dogo, akalipangusa vumbi, akasema bila kuinua sauti, "Hata lile kubwa, Mzee. Nilikwambia liko sawa. Haliko sawa."

Meneja aliitoa njiti mdomoni akaitazama. Kisha akanyoosha mkono, Hassan akampa funguo za lori kubwa, akazitia mfukoni na kuingia ndani. Hakugomba. Afadhali angegomba, maana ningejua nimesimama wapi. Jioni Hassan alinipita langoni, akasema tu, "Karani, miguu mifupi lakini umefika mbali," na mpaka sasa sijui kama ilikuwa sifa au lawama.

Leo asubuhi nilikuta meza yangu imepangwa. Lile lori dogo halipo. Jerotich anasema kesho yeye ndiye atakayebeba bahasha kwenye sinia. Barua yangu ya kuthibitishwa haipo. Katikati ya meza palikuwa na funguo za lori kubwa peke yake. Nilikwenda kubisha kwa Meneja nikamuuliza, Mzee, hizi ni za nini kwangu? Akajibu bila kuinua kichwa, "Jumatatu nitakuuliza tena."

Basi. Mimi hata kuendesha sijui. Nimejaribu kusoma maana yake kila upande. Labda ananiamini. Labda ananitafutia kosa, ili lori likichelewa aseme ni mimi. Labda naye ana mtu wa juu yake anayemuuliza kama mambo yake yako sawa, na amechoka kujibu. Sijui, Baba.

Najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumatatu. Naiandika hata hivyo kwa sababu nikikuandikia mawazo yangu yanapangika. Nimekwisha kuongea na Hassan. Jumatatu mapema tutaliinua lori kwa jeki, yeye ataushika usukani juu, nami nitalala chini nishike gurudumu la mbele nilitikise kama ulivyokuwa ukifanya, mpaka nione mwendo unapotelea wapi. Nikipaona nitakwenda kumwonyesha Meneja kwa kidole, na fundi wa gereji aitwe. Akiniuliza, nitajibu nilichojibu jana. Funguo ziko mfukoni mwangu ninapoandika, ni nzito kuliko nilivyodhani, na mpaka hapo magunia yatabaki ghalani.

Nisalimie Mama, mwambie ile sweta aliyoifuma haijatoka mwilini mwangu tangu nifike. Msalimie Nyanya, na umsomee hii polepole, ila pale pa vijana wa chama uparuke. Salamu kwa shangazi Mkawasi anayeuza ndizi kituoni, na kwa mjomba Mwadime wa kwaya, mwambie huku wanaimba vizuri lakini si kama sisi. Dada Wakesho asiache shule hata mvua inyeshe namna gani.

Na ukijibu, Baba, usiniambie kwanza kama nilifanya vema au vibaya. Niambie tu, ukiwa chini ya gari, ulikuwa unaanza kulitikisa gurudumu la upande gani.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Mwakio